Tuta Lililopungua Mkono Mmoja

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na mkasoma orodha ya vyeo vyangu. Kwa saa nawashukuru. Vyeo vimo kwenye faili, anayevitaka atavikuta huko. Aliyenisumbua ni mmoja wenu aliyeniuliza tukinawa mikono baada ya pilau: "Mzee, wewe ulijuaje kwamba kazi hii ndiyo yako?" Nilimjibu kwamba mtu hajui, huizoea tu. Lilikuwa jibu la uvivu. Nilipofika nyumbani nikaona nimemdanganya, maana mimi nilifanya utafiti. Niliufanya kuliko mtu yeyote niliyemjua, na utafiti wenyewe ulikipunguzia kijiji kizima maji. Nimeona niwaandikie ilivyokuwa, kabla hamjaanza kunisifu kwenye misiba.

Nilimaliza kidato cha nne miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Kwetu ni Masuguru, Korogwe, na baba alikuwa fundi cherehani. Waliomaliza shule tulikuwa wachache na nchi ilikuwa changa, kwa hiyo kazi zilitutafuta zenyewe. Nilipata barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ukarani, katika ofisi iliyokuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye cherehani ya baba. Ya pili ilikuwa ya mafunzo ya ufundi wa maji, darasani na porini, halafu kupangiwa popote. Zote zilinipa mpaka mwisho wa Aprili kujibu. Mwenzangu yeyote angejibu siku ile ile. Mimi nilinunua daftari.

Nilikuwa mtu wa kufikiri mpaka chai inapoa. Ukinionyesha njia mbili za kwenda sokoni nilizipima zote mbili, na nilipokwisha kuzipima soko lilikuwa limefungwa. Baba aliponiona napiga mistari kwenye daftari alisimamisha cherehani.

"Karani anakaa kivulini," akasema. "Unatafuta nini kingine?"

"Natafuta kujua, baba."

"Kujua nini?"

"Mahitaji ya kazi."

"Mahitaji ya kazi ni kuamka," akasema, akaendelea kushona.

Sikuridhika. Niliandika juu ya ukurasa wa kwanza, kwa hati nzuri: Mahitaji ya kazi yako ni yapi? Mpango wangu ulikuwa kuwafuata watu walioko kazini, kuwauliza swali hilo moja, kulinganisha majibu, kisha kuamua kisayansi.

Nilianzia Hale, ambako shemeji yangu alikuwa kwenye mitambo ya umeme. Nilimkuta nje ya nyumba za wafanyakazi, ndiyo kwanza ametoka zamu. Alifikiri kidogo, akajibu: "Sabuni. Na unga, maana duka la huku likifunguliwa asubuhi, saa nne hakuna kitu." Niliandika sabuni. Nikapanda Vugiri, kwa mjomba, ndugu wa mama, aliyekuwa bwana shamba. Yeye alisema mbegu za viazi, magunia na koti la mvua. Niliyaandika pia. Niliposhuka mlimani nilikuwa na ukurasa mzima wa majibu, na wazo kwamba wafanyakazi wa wilaya yetu hawana mazoea ya kujieleza. Kwamba swali ndilo bovu, halikunijia. Kilibaki kituo kimoja: Handeni, kwa mtu wa malambo.

Ninyi mnaoanza kazi na mitambo ya kuchimba visima huenda hamjawahi kujenga lambo. Ni bwawa dogo: unakinga korongo kwa tuta la udongo ili maji ya masika yasipite yakaenda zake. Handeni ya siku zile ilikuwa ikihamia kwenye vijiji vya ujamaa, na mahali pengine watu walifika kabla ya maji. Mtu wa malambo alikuwa Bwana Mhina, Mzigua mrefu wa maneno machache. Nilimkuta katika kijiji ambacho jina lake siliandiki, kwa sababu wajukuu wa waliokuwepo bado wananitania. Alikuwa amekaa juu ya karai lililofunikwa, mbele ya tuta lililofika kifuani kwa mtu. Watu kama arobaini walikuwa wakipandisha udongo kwa vikapu. Ilikuwa mwanzo wa Machi.

"Shikamoo, Bwana Mhina."

"Marahaba. Mmenichelewesha sana."

Nilijiuliza kwa nini amesema "mmenichelewesha", kwa wingi. Nikaamua anazungumzia kizazi changu, kwamba vijana tumechelewa kuingia kazini baada ya Uhuru. Nikaona ni maneno mazito. Nikayaandika.

"Samahani, mzee. Nimekuja nijue mahitaji ya kazi yako."

"Kaa. Andika. Majembe thelathini. Karai ishirini, hili nililokalia limetoboka. Sururu tano. Mitaimbo miwili. Pimamaji moja, ya kwangu imepasuka kioo. Kamba ya katani, hiyo wala msiniambie haipo, na mkonge umejaa kuanzia hapa mpaka Korogwe. Na viatu, namba kumi."

Kwenye viatu namba kumi nilisita. Lakini nikajiambia kwamba labda mguu mkubwa ni sharti la kazi za porini, nikautazama wa kwangu kwa wasiwasi, nikaandika.

"Umeandika yote?"

"Yote, mzee."

"Haya. Usiyapoteze." Akasimama, akapanda baiskeli. Alikuwa anakwenda kukagua tuta jingine, mwendo wa siku nzima, na angerudi baada ya siku tano. Alipopita karibu na wachimbaji alipaza sauti: "Bwana wa mahitaji amefika! Ameandika majembe!" Wakapiga vigelegele. Jioni ile mwenyekiti wa kijiji, Mzee Semkiwa, alinipa chumba kwake na kunichinjia kuku. Nilidhani ndiyo desturi ya Handeni kwa kila mwenye daftari.

Kesho yake asubuhi nilitoka nje nikakuta watu wamepanga mstari. Mbele alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imekauka udongo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na ndiye aliyewaongoza wanawake kwenye kazi ya tuta.

"Niandike," akasema. "Mama Salehe. Jembe moja, chumvi, mafuta ya taa. Na kama kuna kanga, mimi sina tamaa, andika doti mbili."

"Mama, mimi naandika mahitaji ya kazi."

"Kwani nilime uchi?"

Mstari wote ukacheka. Mimi ndipo nilipoelewa. Sabuni ya shemeji, koti la mjomba, viatu namba kumi: kila niliyemuuliza mahitaji aliniambia alichopungukiwa, kama anavyoambiwa mwenye duka. Bwana Mhina, aliyekuwa akisubiri vifaa tangu mwaka uliopita, aliniona na shati langu jeupe akaona bohari limekuja.

Hapo hapo ningesema. Ilihitaji sentensi moja. Lakini nilikuwa na kalamu mkononi na macho ya watu thelathini usoni, nikaandika: Mama Salehe, jembe, chumvi, mafuta ya taa, kanga doti mbili. Nikamwandika wa pili. Nikawaandika wote.

Saa nne nilikwenda kwenye tuta nikakuta halina mtu. Mzee mmoja alikuwa amekaa kando akisuka kikapu bila haraka.

"Leo hakuna kazi, babu?"

"Ipo. Lakini mpya yakija kesho, leo nivunje jembe langu la nini?"

Niwaambie nilichofanya siku zile tano, maana najua kuna wenzangu humo ofisini. Nilipanga. Ukurasa wa kulia nikaandika faida za kusema, wa kushoto hasara zake. Nikafikiria nimwambie kwanza mwenyekiti. Nikafikiria kumtanguliza mwenyekiti ni kumvunjia heshima Bwana Mhina. Nikafikiria niandike barua. Nikafikiria kuondoka kimya kimya, na hilo nililifikiria sana, mpaka nikajua lori la mahindi hupita siku gani. Wakati huo wote mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa milima ya Nguu, na tuta lilikuwa pale pale kifuani.

Siku ya tatu Mama Salehe alinikuta kisimani, kama kile kishimo cha mchanga kingeweza kuitwa kisima. Wanawake walichota kwa kata, kata moja moja, wakisubiri maji yajikusanye tena.

"Bwana Mahitaji, majembe yanakuja kwa miguu nini?"

"Bado, mama," nikasema.

Bado! Vijana wangu, nimefanya kazi ya maji maisha yangu yote, nimeona pampu zilizoletwa bila mpini na ramani zilizochorwa na mtu asiyewahi kuliona korongo lenyewe, lakini sijaona kifaa kibaya kama neno hilo. Ukisema "hapana", mtu anatafuta njia nyingine. Ukisema "bado", anakaa kusubiri, na wewe huwezi hata kuitwa mwongo. Mama Salehe alitikisa kichwa, akajitwika mtungi, akawapelekea wenzake neno langu. Siku ya nne hakuna aliyeshika kikapu. Siku ya tano pia.

Bwana Mhina alirudi siku ya sita asubuhi. Alisimamisha baiskeli juu ya tuta, akatazama vikapu vilivyopinduliwa, akatazama mawingu. Kisha akaniita.

"Vifaa viko wapi?"

"Havipo."

"Vinatoka lini?"

"Havitoki, mzee. Mimi si wa bohari. Mimi ni Ramadhani, mtoto wa fundi cherehani wa Masuguru. Nimemaliza shule. Nilikuja kukuuliza mtu anatakiwa awe na nini ili afanye kazi kama yako."

Aliinama, akakisimamisha kikapu kimoja kilichopinduliwa. Afadhali angenigombeza.

"Hizo zinaitwa sifa," akasema mwishowe. "Si mahitaji."

"Ndiyo, mzee. Nimeshaelewa."

"Na ukitaka sifa nenda ngomani. Hapa ni udongo." Akashuka kwenye tuta. "Umewanyamazia siku ngapi?"

"Tano."

"Tano," akasema, kama mtu anayesoma kipimo. "Basi nenda kawaambie. Mimi sitasema. Waliandikwa na wewe."

Mwenyekiti aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi ya kijiji. Watu wakaja haraka kuliko siku nyingine, wengine na magunia ya kubebea. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili, yenye utangulizi. Nilipofungua mdomo yakabaki maneno sita: "Majembe hayapo. Hayaji. Sikutumwa na mtu."

Mzee Semkiwa akauliza: "Kwa hiyo wewe si mtu wa serikali?"

"Hapana, mzee. Mimi ni mtu wa Masuguru."

"Na jina langu uliliandika la nini?" akauliza mwanamume mmoja.

"Niliogopa kukataa."

"Uliogopa kukataa kuandika jina?"

"Ndiyo."

"Mwenyekiti," sauti ikatoka nyuma, "kuku wako ameliwa bure!"

Wakaangua kicheko. Mzee Semkiwa hakucheka. "Kuku si kitu," akasema. "Siku tano ni kitu." Na kicheko kikaisha, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameyaona mawingu, ila alikuwa anayaangalia kama mtu mwenye jembe jipya.

Aliyeinuka kwanza ni Mama Salehe. Hakunitazama. "Jembe langu nimelificha darini lisichakae," akawaambia wenzake. "Nakwenda kulishusha. Mnaobaki, mbakie mkimwangalia huyu, ni mzuri wa sura."

Kabla ya saa sita tuta lilikuwa na watu wengi kuliko siku ile ya kwanza.

Mimi sikuambiwa niondoke wala nibaki. Nilivua viatu nikaingia kwenye mstari wa wanawake waliokuwa wakikanyaga udongo wa kiini. Hiki ndicho mnachokiona kwenye michoro yenu kama ukuta mwembamba katikati ya tuta. Udongo wa nje huzuia kwa uzito wake; wa kiini huzuia kwa kutopitisha maji, na ukikosea hapo tuta zima ni chujio. Bwana Mhina alikuwa na njia zake za kuupima, kwa chupa na maji, lakini aliyeamua ni Mama Salehe. Alifinyanga kipande chembamba kama kidole, akakizungusha kwenye dole gumba. Kikipasuka, alikitupa. Kisichopasuka alikitia mdomoni, akakisaga kwa meno ya mbele, akasikiliza.

"Mchanga upo," akasema juu ya rundo la kwanza nililoleta. "Huu tupa nje."

"Ni udongo mwekundu kama ule mwingine, mama."

"Wewe unaangalia rangi. Onja."

Nilionja. Mchanga ulilia kwenye meno. Tangu siku ile nimeonja udongo wa wilaya zote mbili, Korogwe na Handeni, na wataalamu waliokuja na maabara kwenye masanduku walinicheka, kisha wakasubiri wiki mbili wapate jibu nililokuwa nalo mdomoni. Simwambii mtu aache maabara. Nasema tu meno hayahitaji betri.

Siku ya tatu ya kazi Bwana Mhina alichukua kamba, akaenda kwenye vigingi vilivyoonyesha kimo cha tuta, akaanza kuvishusha. Nilimshikia ncha ya pili. Alishusha kila kimoja mkono mmoja, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole.

"Mbona tunapunguza, mzee?"

"Kwa sababu tuta refu lisilokwisha hubomoka, na fupi lililokwisha husimama. Siku nilizohesabia hazipo tena."

Hakusema zilikwenda wapi. Aliwaita watu wote akawaonyesha vigingi, akawaambia kimo kimepungua na maji yatapungua. Hakutumia neno "bado" hata mara moja. Nilikuwa nimeshika kamba nikamsikiliza, na nadhani ndiyo siku niliyoanza mafunzo, ingawa cheti changu kinataja tarehe nyingine.

Tulimaliza tuta Alhamisi. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, ilinyesha. Njia ya kumwagia maji ya ziada ilikuwa haijapangwa mawe, na bila mawe maji yangeichimba, yangekula ubavu wa tuta, kazi yote ingekwenda na korongo. Watu walishuka kama walivyo, na kanzu zao, wakapitishiana mawe mkono kwa mkono kwenye mvua. Mzee Semkiwa alisimama ndani ya maji mpaka magotini akipanga. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimpa. "Kubwa chini," alikuwa akisema. "Kubwa chini, Masuguru." Saa kumi maji yalifika kwenye mawe, yakatafuta pa kupenya, yakakosa, yakapita juu yake taratibu. Tuta lilisimama. Bwana Mhina alilizunguka mara mbili akiwa ameinama, akitafuta unyevu upande wa kavu, na aliponyooka alikamua shati lake.

Mvua iliponyesha wiki tatu na kupungua, lambo lilikuwa limejaa mpaka lilipoweza kujaa. Bwana Mhina alinipa fito iliyokatwa alama akanituma kupima kina. Nilipima sehemu tano, nikarudia, kisha nikakaa nikahesabu: watu wa kijiji, ng'ombe wao, kinachonyweka, kinachoondoka na jua. Hesabu ilikuja vile vile mara tatu. Nilitamani ya nne iwe tofauti, lakini fito haikuwa na huruma.

Watu walikuwa wamekusanyika ukingoni, wanawake na mitungi yao, wakifurahi. Mama Salehe alimgeukia Bwana Mhina.

"Bwana Mhina, maji haya yatatufikisha vuli?"

Bwana Mhina alinyoosha kidevu upande wangu. "Muulizeni aliyepima."

Nikaona macho yale yale ya asubuhi ya mstari, mengi zaidi. Safari hii nilikuwa na kalamu sikioni na fito mkononi, na matope mpaka kiunoni.

"Hapana," nikasema. "Yatafika mwezi wa nane. Vuli hayafiki. Kuanzia mwezi wa tisa mtarudi kwenye mchanga wa korongo."

Furaha ikapungua kama vile mtu amefunika chungu. Mama Salehe aliyatazama maji, akalitazama tuta, hasa pale juu palipokuwa wazi.

"Ule mkono mmoja?"

"Ndiyo, mama. Ule mkono mmoja."

"Siku zako tano."

"Siku zangu tano."

Alijaza mtungi wake, polepole, akauinua mpaka magotini. Nilisogea kumsaidia kujitwika. Aliniacha nisaidie. Akiwa ameshausimamisha kichwani, akageuka kidogo tu, kama anavyoweza mtu mwenye maji kichwani.

"Basi mwakani uje mapema," akasema, "tuuongeze."

"Nitakuja," nikamwambia. Sikuwa na kazi wakati huo, wala sikuwa nimejibu barua yoyote. Januari iliyofuata nilikwenda.